Tumbo halijakaa sawa tangu nirudi India, na vipimo vyote vinasoma safi: tuzungumze

Pantoni_Asubuhi (mleta uzi)

Habari za jioni wana jamvi. Uzi huu ni kwa walioambiwa "huna kitu" hospitali baada ya hospitali, ilhali mwili wao unasema vingine kila asubuhi.

Nilikuwa Pune, India, kwa masomo. Msimu wa mvua za kule nikashikwa na kuendesha kukali, homa na msokoto wa tumbo. Zahanati ya jirani wakanipa maji ya chumvi na sukari pamoja na antibayotiki. Homa ikakata, kuendesha kukapungua, nikarudi darasani. Ila tumbo halikurudi lilivyokuwa. Nimekuja nalo Dar, nimeoa nalo, nimebadilisha kazi nalo. Linaunguruma kabla sijanywa chai. Naingia chooni, natoka, narudi tena. Choo laini chenye kamasi. Wiki nyingine linafunga kabisa. Jioni linajaa gesi mpaka nalegeza mkanda. Maumivu hupoa nikipata choo, yakarudi nikila. Naishi Kigamboni, na wanaovuka na pantoni wanajua ilivyo kusimama katikati ya ule umati tumbo limeanza kukuita na geti limeshafungwa.

Nimepimwa choo, damu, ini, kongosho, ultrasound, kamera ya juu na ya chini. Safi. Majina niliyopewa njiani ni mengi: vidonda vya tumbo, taifodi sugu, amiba iliyojificha, mwisho kabisa "mawazo".

Ninachotaka kusema hapa ni kimoja. Ugonjwa huu upo, unafahamika, umefuatiliwa kwa miaka, na unaanzia kwenye yale maambukizi ya tumbo ya safarini. Kinachotuumiza wengi wetu ni kuendelea kuwaua wadudu waliokwisha kufa zamani.

Pantoni_Asubuhi

Naendelea. Madaktari wanauita IBS ya baada ya maambukizi; IBS ni utumbo unaokasirika kirahisi na kuvurugika bila kidonda kinachoonekana. Kwa wastani, kati ya watu kumi waliougua maambukizi makali ya utumbo, mmoja hivi hubaki na tumbo la namna hii. Wanawake hupata zaidi, na kadiri ule ugonjwa wa mwanzo ulivyokuwa mkali na mrefu ndivyo hatari inavyopanda.

Msiniamini mimi, tazameni Walkerton, mji mdogo wa Ontario, Kanada. Mei 2000 mvua kubwa iliingiza kinyesi cha ng'ombe kwenye kisima cha maji ya mji. Watu zaidi ya 2,300 waliugua, saba wakafa. Watafiti hawakuondoka mlipuko ulipokwisha. Miaka miwili mitatu baadaye, zaidi ya thuluthi ya waliougua walikuwa na dalili hizi hizi ninazozisema, wakati kwa majirani zao ambao hawakuugua ilikuwa mmoja kati ya kumi. Baada ya miaka minane idadi ilishuka hadi kama 15 kati ya kila 100. Ilishuka! Naomba mtu mwenye mwaka wa kwanza wa shida hii aisome sentensi hiyo mara mbili. Wengi hupata nafuu, ingawa ni polepole, na wapo wasioipata.

Mfano wa pili ni Bergen, Norway. Mwaka 2004 maji ya bomba yalichafuliwa na giardia, kidudu kile kile ambacho huku tunakiona kwenye karatasi za maabara kila siku. Miaka mitatu baadaye, karibu nusu ya waliothibitishwa kuugua walikuwa na dalili za IBS, na karibu nusu walikuwa na uchovu usioisha. Miaka kumi baadaye bado zaidi ya 40 kati ya 100 walikuwa na dalili za tumbo, dhidi ya kama 14 kwa wasiougua. Na hii ni nchi tajiri, yenye hospitali za kila namna, ambako dawa ya giardia ilitolewa na kidudu kikaondoka. Kwa hiyo anayekwambia tumbo lako ni la umaskini, uchafu au woga, mwambie habari za Bergen.

Mchuuzi_wa_Guangzhou

Kaka umenigusa. Mimi nafuata mzigo China. Safari moja nilirudi naendesha, na tangu hapo sijawahi kuwa mzima. Kila nikienda duka la dawa napewa Flagyl na Cipro. Nikimeza napata nafuu siku chache, halafu linarudi baya kuliko mwanzo. Nimeshazoea kutembea na dozi kwenye pochi. Sasa unasema nisimeze?

Pantoni_Asubuhi

Dada pole sana. Nasema usimeze bila kipimo kuonyesha mdudu. Sababu ni hii. Watafiti wa Uholanzi waliwapima wasafiri kabla na baada ya safari, wakachapisha matokeo mwaka 2017. Thuluthi moja ya wote walirudi wamebeba utumboni bakteria wenye uwezo wa kuzishinda antibayotiki nyingi za kawaida. Kwa waliotoka Asia ya Kusini ilikuwa robo tatu. Na waliomeza antibayotiki wakiwa safarini walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi. Wengi bakteria hao waliwatoka baada ya muda, lakini kila dozi unayomeza bila sababu inaua bakteria wako wema na kuwaachia uwanja hao sugu. Siku utakapohitaji antibayotiki kweli, kwa mfano kwenye figo au baada ya upasuaji, unaweza kukuta haifanyi kazi. Tena Cipro ina madhara kwenye mishipa migumu inayofunga misuli, hasa ile ya kisiginoni. Si pipi.

Zile siku chache za nafuu zinaeleweka pia: dawa inapunguza bakteria wanaotengeneza gesi, wakirudi na shida inarudi. Hazithibitishi kwamba ulikuwa na amiba.

Mtu_wa_Maabara_Moro

Nimefanya kazi maabara miaka mingi, niongeze machache.

Kwanza, choo kimoja hakitoshi kusema huna giardia. Vifuko vyake (cyst) havitoki kila siku. Tunapenda sampuli tatu za siku tofauti, au kipimo kinachotafuta chembechembe za mdudu mwenyewe. Na choo kiletwe kibichi, si cha jana usiku.

Pili, amiba. Chini ya hadubini amiba mbaya na ndugu yake asiye na madhara wanafanana. Watu wengi wameandikiwa "amiba" na kumeza dawa kwa ajili ya yule asiye na madhara.

Tatu, na hili linaniuma kwa sababu nimeliona kila siku ya kazi: Widal, kile kipimo cha damu cha taifodi. Watu wanakuja na karatasi "taifodi 1:160" wamelia. Kipimo kile kinaangalia kinga, na kinga inaweza kubaki mwilini tangu ulipougua zamani, au ikatokana na maambukizi mengine kabisa. Taifodi inathibitishwa kwa kuotesha damu. Mtu anayeendesha miaka mitatu, hana homa, anakwenda kazini, hiyo si taifodi.

Nne, kipimo cha damu cha H. pylori, bakteria wa vidonda vya tumbo, nacho kina tatizo hilo hilo, kinaweza kusoma una mdudu hata baada ya kutibiwa. Pima kwa choo au kwa pumzi, na uwe umeacha omeprazole wiki mbili na antibayotiki wiki nne kabla, vinginevyo kinaweza kusoma safi kumbe yupo.

Mzizi_Mkavu

Nyie mnazunguka tu. Vipimo safi, mgonjwa anaumwa, maana yake iko wazi. Huyo kuna mkono wa mtu. Au achemshe mwarobaini na mizizi ya mlonge anywe asubuhi na jioni mwezi mzima, atoe sumu.

Pantoni_Asubuhi

Mzee wangu, shikamoo. Najua unasema kwa nia njema, na hata nyumbani kwetu wameyasema hayo, mama yangu akiwa wa kwanza. Lakini watu 2,300 wa Walkerton hawakurogwa kwa siku moja, walikunywa maji ya kisima kimoja.

Kuhusu mizizi, mwezi mzima wa dawa chungu isiyo na kipimo unapita kwenye ini na figo. Na utumbo wa mtu wa aina yangu umeshakuwa mwepesi kukasirika, ukiuharisha ili "utoe sumu" unauongezea. Naomba kwa heshima wasomaji wasijaribu hilo.

Nini kimeharibika basi, kama hakionekani kwenye kamera? Kamera inaona ngozi ya ndani ya utumbo. Haioni jinsi mishipa ya fahamu iliyo chini yake inavyohisi. Baada ya maambukizi, askari wa kinga huweza kubaki wengi kuliko kawaida kando ya mishipa hiyo, wakitoa kemikali zinazoiwasha. Gesi ambayo mwingine haisikii kabisa, wewe unaisikia kama kisu. Mwendo wa utumbo nao unavurugika, mara unakimbia, mara unasimama.

Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walionyesha kitu kilichonifanya nikae chini. Waliwaambukiza panya bakteria wa tumbo huku wakiwalisha protini ya yai. Bakteria walipokwisha kabisa, wakawalisha ile protini tena. Panya wakaumwa tumbo. Panya waliopewa protini ile bila maambukizi hawakuumwa. Yaani wakati wa vita, kinga ya utumboni ilikiandika chakula kilichokuwepo kwenye orodha ya maadui. Kisha wakawachoma wagonjwa 12 wa IBS kiasi kidogo cha protini za ngano, maziwa na soya kwenye ukuta wa utumbo wa mwisho, na kila mmoja wao alionyesha mzio wa pale pale kwa angalau kimoja. Kipimo cha mzio cha kwenye ngozi au damu hakikionyeshi. Mimi chapati nimekula tangu utoto. Leo chapati mbili zinanilaza. Mke wangu alidhani nadeka mpaka nilipomsomea hilo.

Kijana_wa_Ukerewe

Mkuu swali. Mimi nilikwenda Nepal kwa mafunzo, nikaumwa huko, nimerudi nyumbani Ukerewe na tumbo bovu. Ila nimezaliwa ziwani, nimeogelea maisha yote. Nitajuaje ni la Nepal au la hapa?

Mtu_wa_Maabara_Moro

Swali zuri kuliko yote humu. Safari isibebeshwe lawama zote. Kwa mtu wa ziwani, kichocho cha utumbo kitafutwe kwanza, nacho kina dawa, praziquantel. Mwambie daktari waziwazi kwamba umekulia Ukerewe. Kuna pia mnyoo mwembamba anayepenya miguuni, strongyloides, anaweza kukaa mwilini miongo kadhaa kwa kujizalisha humo humo. Huyu ni wa kumtafuta kabla hujaandikiwa dawa za steroidi kwa ajili yoyote, maana zinaweza kumfanya asambae mwili mzima na kuua. Na kwa Nepal kuna cyclospora, kidudu kinachohitaji rangi maalumu maabara kuonekana. Ukiomba "choo" tu hawatamtafuta. Dawa yake ni Septrin, si Flagyl.

Nuru_ya_Jang'ombe

Samahanini nimechelewa. Mimi nimerudi Kerala, nilimpeleka baba kutibiwa. Nimepungua mwili sana, choo kinaelea na kina mafuta, na juzi juzi nimeona damu. Ni hii hii?

Pantoni_Asubuhi

Dada Nuru, hapana, tafadhali usijiweke kwenye kundi letu. Damu kwenye choo, kupungua mwili bila kutaka, kuamshwa usiku na kuhara, homa, upungufu wa damu, au shida iliyoanza baada ya miaka 50: yeyote mwenye hata kimoja kati ya hivyo asiridhike na neno IBS. Nenda hospitali kubwa wiki hii. Waangalie damu yako, vitamini za folate na B12, waangalie uvimbe wa utumbo kwa kipimo cha choo kinachoitwa calprotectin, na kamera. Choo kinachoelea chenye mafuta, kwa mtu aliyekaa kusini mwa India, kinaweza kuwa sprue ya kitropiki. Ilichunguzwa sana huko Vellore, mji wa kusini mwa India. Utumbo mwembamba unashindwa kunyonya chakula, na tiba yake ni tetracycline na folic acid kwa miezi kadhaa. Inapona. Lakini mpaka ithibitishwe, na hiyo damu ipate maelezo yake.

Nuru_ya_Jang'ombe

Ahsante. Kesho nakwenda.

Bibi_wa_Muscat

Salaam aleikum wanangu. Mie nipo Muscat, asili yangu Unguja. Nilimsindikiza mume wangu Bangkok kwa matibabu, yeye akapona moyo, mie nikarudi na tumbo. Daktari wa hapa alinambia maneno haya haya ya huyu kijana. Nataka kuuliza kuhusu Ramadhani. Mchana nafunga raha mustarehe, tumbo kimya kabisa. Shida ni futari. Nikifuturu tu basi, usiku mzima ni mimi na choo.

Pantoni_Asubuhi

Waaleikum salaam bibi, shikamoo. Mchana lipo kimya kwa sababu chakula ndicho kinachouamsha utumbo. Ukila, utumbo mpana wa kila mtu hujikaza. Wetu hujikaza kupita kiasi. Na chakula kikija kingi kwa mkupuo, chenye mafuta, baada ya saa kumi na tatu za kufunga, ndiyo hali unayoieleza.

Tende chache, nazo usizidishe maana sukari yake inachachuka. Maji. Ukaswali, kisha ule kidogo, upumzike, ule tena baada ya tarawehe. Ndizi mbichi za kuchemsha na muhogo wa kuchemsha usio na nazi nzito vinakubali kwa wengi. Kaimati, bajia na sambusa ndivyo vinavyotuua. Maharage na mbaazi za nazi pia, kwa bahati mbaya, maana ni vitamu. Na kama unatumia dawa au sukari inakusumbua, daktari wako aseme kwanza kuhusu kufunga kwenyewe.

Kwa wote, hapa ndipo niliposaidika mimi. Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, kilitengeneza mpango wa kupunguza aina fulani za sukari na wanga zinazochachuka utumboni. Kwa jiko letu, wakubwa wa kosa ni kitunguu maji na kitunguu saumu, kisha ngano, maharage, kunde, maziwa mabichi, embe, tikiti maji na tufaha. Ugali wa sembe, wali, viazi, karoti, mchicha, samaki, kuku na mayai huwa havina neno. Unaacha vile vibaya wiki mbili hadi sita tu, kisha unarudisha kimoja kimoja, siku kadhaa kila kimoja, uone kipi ni adui yako wewe. Watu wengi wanakosea hapo, wanaacha vyote milele wanakonda na kukosa virutubisho. Mimi nimegundua maharage nusu bakuli sina shida, kitunguu ndicho. Mke wangu sasa anakaanga kitunguu kwenye mafuta, anakitoa, ladha inabaki: zile sukari haziyeyuki kwenye mafuta, zinayeyuka kwenye maji. Kwenye mchuzi uliokwishachemka nacho, kukitoa hakusaidii.

Maziwa yana habari yake. Baada ya giardia hasa, uwezo wa kusaga sukari ya maziwa hupotea kwa muda, wiki au miezi. Jaribu kuacha, halafu jaribu tena. Mtindi wengi unawakubali.

Mchuuzi_wa_Guangzhou

Na ule upande wa mawazo? Maana mimi nikiambiwa "ni mawazo" nasikia kama naambiwa naigiza.

Pantoni_Asubuhi

Nakuelewa mno. Ubongo na utumbo vinaongea kwa mshipa mnene na kwa kemikali. Mojawapo ni serotonini, na karibu yote ya mwili iko utumboni. Hofu inaharakisha utumbo wa mtu yeyote, hata mwanafunzi mzima mlangoni pa mtihani. Kwetu hofu haikuuanzisha ugonjwa, ila inauchochea. Hata dawa ya amitriptyline kwa dozi ndogo sana, ambayo kwa dozi kubwa ni ya sonona, ilijaribiwa Uingereza kwa wagonjwa wa IBS, na matokeo ya 2023 yakaonyesha inasaidia. Kazi yake pale ni kutuliza mishipa ya tumbo. Daktari akikuandikia usione ametukana. Ila usiinunue mwenyewe.

Kuna jambo jingine linalokaa kimya kwenye nyumba zetu: kukataa mialiko. Harusi, misiba, safari za kijijini. Watu wanasema una maringo. Mimi nimeanza kuwaambia ndugu wa karibu ukweli wote, hata wa chooni. Shangazi yangu aliposikia, alinitengea chumba chenye choo cha ndani kwenye msiba wa babu, hakuuliza swali. Sikuwahi kulia kwa ajili ya ugonjwa huu, siku ile nililia.

Mama_Eliza_Iringa

Mume wangu ndiye mgonjwa, alikuwa Darfur na kikosi cha kulinda amani. Anasoma kwa simu yangu, haandiki. Mwezi ujao tuna harusi Dar na anasema haendi kwa sababu ya basi. Mnafanyaje nyinyi?

Pantoni_Asubuhi

Mfikishie salamu shemeji, na asante kwa utumishi wake. Mnunue viti vya mbele karibu na mlango. Uwahi umwambie kondakta kabla gari halijaondoka, kwa sauti ya chini, kwamba baba ana tatizo la tumbo na huenda akaomba kusimama. Akiambiwa mapema wengi ni waungwana, akiambiwa Ruaha Mbuyuni gari likiwa kwenye mwendo anakasirika. Usiku wa kabla ale wali mweupe na samaki, mapema. Asubuhi asinywe chai ya maziwa wala kahawa. Njiani ale alichobeba, si chipsi za stendi. Loperamide kidonge kabla ya safari wengi inawasaidia, daktari akiruhusu, na asiimeze akiwa na homa au damu kwenye choo. Maji anywe, asijinyime kwa woga.

Mama_Eliza_Iringa

Amesoma yote. Anauliza parachichi, maana huku tunalo kila siku.

Pantoni_Asubuhi

Kipande kidogo, robo ya lile dogo, na si siku ya safari. Akiona salama siku mbili tatu aongeze.